Muulize Bibi Fundi: "Kwani shomoro wananiona paka?"

Toleo lililopita niliteleza nikaandika kwamba kuna tetere anayekula kando ya mguu wangu ninaposhona. Nilitarajia barua za pindo na vifungo kama kawaida. Mmeniletea ndege watupu, na mhariri anasema bado zinaingia. Haya, nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nusu ya zilizobaki zinauliza hilohilo kwa maneno mengine.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina wiki ya tatu sasa naweka mtama kwenye ukuta wa kibaraza changu. Shomoro wanakuja na wanaumaliza, lakini nikiwa ndani tu. Nikigusa kitasa cha mlango, purr, hakuna hata mmoja. Nimejaribu kutoka kwa kunyata, nimewaita kwa sauti ya upole, hata nyuma ya pazia nimejibanza kisha nikatokeza. Nataka siku moja wale mkononi mwangu. Nakosea wapi? – Mpenda shomoro, ghorofa ya pili

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Umenyata, umejibanza, umetokeza ghafla. Sasa niambie, ni nani mwingine hapo nje anayenyata, akajibanza, akatokeza ghafla? Umejitahidi wiki tatu kufanana na paka, na shomoro wamekuelewa vilevile.

Anza upya hivi: uwe umekaa kabla wao hawajafika. Hilo peke yake ni nusu ya kazi. Mtu anayetoka mlangoni wakati ndege wanakula amewavamia, hata atoke kwa ncha za vidole. Mtu waliyemkuta amekaa ni sehemu ya kibaraza, kama ndoo au kamba ya nguo, nao ndio wanaoamua wamsogelee kiasi gani. Weka mtama, kaa kwenye kiti upande ule wa mbali kabisa na ukuta, shika kazi yoyote ya mikono, na usiwangoje. Siku ya kwanza hawatakuja. Ya pili pia huenda wasije. Kaa nusu saa, ingia ndani, kesho saa ileile tena.

Mimi hili nililijua bila kulitafuta. Miaka mingi cherehani yangu ilikaa kibarazani kwa ajili ya mwanga. Kiti kilekile, saa zilezile, kichwa nimekiinamisha kwenye kitambaa, mguu unakanyaga. Ndege walisogea wenyewe kwa sababu sikuwa na habari nao. Watu hudhani ndege huogopa kelele, lakini cherehani yangu ile ya kukanyaga ina kelele kama gari bovu na hawakuijali hata kidogo: trrr, inatulia, trrr, inatulia. Walichokimbia ni kimya. Nilipoacha kukanyaga nikainua kichwa kutafuta mkasi, wote juu. Nikirudi kwenye mshono, wanarudi kwenye punje. Nilikaa mwezi mzima nikidhani wanapenda sauti ya cherehani!

Kilichowatisha ni macho. Shomoro macho yake yako pembeni mwa kichwa. Viumbe wenye macho mawili yaliyoelekea mbele, yakikukazia pamoja, mara nyingi ni wale wanaokula ndege: paka, bundi, na sisi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwawekea shakwe chakula chini, mara wakiwatazama, mara wakiwageuzia uso pembeni. Shakwe waliotazamwa walichelewa kukisogelea chakula kwa takriban sekunde 21 zaidi. Na hao ni shakwe, ndege wasio na haya. Kwa hiyo watazame shomoro wako kwa pembe ya jicho, usoni pako pakiwa kwenye kazi yako. Ukipiga chafya, ipige tu. Kinachoudhi ni ule utulivu wa kujifanya, mtu amejikaza kama jiwe huku macho yamemtoka.

Sasa jifunze kumsoma. Manyoya yamembana mwilini, shingo imerefuka, amechutama kidogo: huyo ana sekunde mbili aondoke, na mara nyingi kinyesi ataacha hapohapo. Ukiona hivyo usiongeze chochote, wala mkono usiushushe. Manyoya yamelegea, anapangusa mdomo ukutani huku na huku, anajichambua chini ya bawa: huyo yuko kwake. Na akikuinamishia kichwa upande mmoja, usidhani anakuamkia. Anakutazama vizuri kwa jicho moja, basi.

Kiti kisogeze pale tu utakapoona wengi wamelegea, na kisogeze kigae kimoja cha sakafu kwa mara moja. Kesho yake wakichelewa kushuka, rudisha vigae viwili bila kinyongo. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu kurudi nyuma kunaonekana kama kupoteza. Lakini kila unaporudi nyuma wamejifunza jambo moja juu yako: wakisema hapana, unasikia.

Wape na ishara. Mimi hugonga kisahani mara mbili kwa subana yangu, tin-tin, kisha namwaga punje. Kila siku tin-tin, na siku isiyo na punje sigongi kamwe. Baada ya wiki kadhaa shomoro hushuka kwa mlio wenyewe kabla punje hazijatua. Mavazi usiyahangaikie sana, ila siku utakayovaa kitu kigeni kabisa tegemea kuanza mbali. Mimi nilivaa kofia pana ya jua siku moja, na kibaraza kilibaki tupu hadi nilipoivua.

Mkono sasa. Kwanza uweke mtupu kando ya kisahani, kiganja juu, siku nyingi. Kisha punje chache kwenye ncha za vidole, nyingine zibaki kisahani. Mwisho kisahani kiondoke. Wa kwanza kwangu alikuwa dume mwenye koo jeusi, mgomvi, aliyekuwa akiwafukuza wenzake kila siku. Alitua kwenye ncha ya kidole cha kati, akakaa kama muda wa kufumba jicho, akachukua punje moja akaenda kuilia ukutani. Shomoro mzima ana gramu 30 hivi, na niliona kama zote ziko kwenye kucha. Zinashika ngozi kama pini ndogo zilizopoa. Sikupumua. (Naye bila shaka aliona kwamba sikupumua, maana alichelewa kurudi.)

Miezi minne baadaye nilimharibu mwenyewe. Alikuja mgeni, nikataka kujionyesha. Dume alipotua, nikakunja vidole, kidogo tu, apate kukaa mgeni amwone vizuri. Alichomoka akaniachia unyoya mmoja mdogo wa kifua. Hakutua mkononi mwangu tena, na wale sita waliokuwa ukutani wakitazama nao waliacha. Nilimaliza karibu mwaka mzima kabla shomoro mwingine, mtoto wa msimu uliofuata ambaye hakuyaona hayo, hajajaribu kidole changu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mkono unafaa, nitakuambia ukweli: siku hizi siutumii. Ndege akila hatua moja kutoka mguuni kwangu huku ananipa mgongo, kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko kula mkononi. Mgongo ndege hampi asiyemwamini. Mkono ni hamu yetu sisi, yeye kisahani kilimtosha.

Na jambo moja la ufundi, kwa wote mnaoshona. Tetere wangu ana vidole vitatu tu mguu wa kushoto. Alikuja mara ya kwanza na uzi umemzunguka, umekaza hadi kidole kimekuwa cheusi, baadaye kikadondoka. Uzi ule ulikuwa wa kijani, rangi ya magauni niliyokuwa nayashona wiki ile. Huko Paris mwaka 2019 watafiti waliona kwamba njiwa waliopoteza vidole ni wengi zaidi kwenye mitaa yenye saluni nyingi, wakashuku nywele zinazobaki chini. Mimi sikuhitaji utafiti. Tangu siku hiyo vipande vya uzi navikusanya kwenye kopo lenye kifuniko kabla sijainuka. Yule tetere alinisamehe au hakujua, sijui lipi, ila kila akitembea kisahani namsikia: tap, ta-tap.

SWALI: Bibi, kunguru wanaoishi mtini mbele ya nyumba wanamshukia baba kichwani kila akitoka. Mimi na mama hatuguswi. Baba anasema ni mashetani. Je, kuna njia ya kuwapatanisha? – Binti wa watu

JIBU: Muulize baba yako, kwa upole na mama akiwepo, kama hakuwahi kurusha jiwe mtini au kuokota kinda. Nina hakika atakohoa kwanza.

Kunguru wanazijua sura za watu. Mwaka 2006 huko Seattle, Marekani, mtafiti John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwanasa kunguru 7 huku wamevaa kinyago cha mtu wa pangoni, wakawavisha pete za miguuni wakawaachia. Baada ya hapo, yeyote aliyepita na kinyago kile alizomewa na kushukiwa, awe nani ndani yake. Kinyago kingine ambacho hakikunasa kunguru hakikusumbuliwa. Miaka ilipita, hasira ikaendelea, na waliopiga kelele wakazidi wale saba kwa mbali, maana makinda yalijifunza kwa wazazi na majirani kwa majirani. Njiwa nao si wajinga. Katika jaribio la Paris lililochapishwa mwaka 2011, mtu mmoja aliwaacha njiwa wale na mwingine aliwafukuza, kisha wakabadilishana makoti. Njiwa walimkwepa yuleyule mkorofi.

Kwa hiyo koti jipya halitamsaidia baba. Kama ni msimu wa makinda, apite upande mwingine kwa wiki chache au ashike mwavuli, kelele zitapungua makinda yakishajua kuruka. Baada ya hapo awe yeye, si wewe, anayewawekea chakula: karanga chache zisizo na chumvi, mahali pamoja, anaweka anaondoka, bila kuinua macho mtini. Asisubiri shukrani. Kwa kunguru aliyekosewa mimi ningehesabu misimu, si wiki. Na asiwaite mashetani, au akiwaita basi awe amefunga dirisha.

SWALI: Jirani yangu analalamika kwamba ndege ninaowalisha wataleta magonjwa na wataacha kujitafutia. Ana haki? – Nimechoshwa

JIBU: La magonjwa ana haki nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Pale ndege wengi wanapokula na kunywa chombo kimoja, ugonjwa hupata barabara. Uingereza, tangu 2005 na 2006, chiriku wa kijani wamekufa kwa wingi sana kwa ugonjwa wa vimelea vya kooni unaosambaa hasa kwenye vyombo vya chakula na maji vya bustanini. Waliowalisha walikuwa watu wema kama wewe.

Weka punje za kuisha siku hiyohiyo, zilizobaki usizilaze. Zilizolowa na kuota ukungu, tupa. Maji badilisha kila siku. Kila wiki osha chombo kwa maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, suuza sana, kausha juani. Mikono sabuni. Mkate usiwape kama chakula, unajaza tumbo bila kulisha. Kama kuna kuku karibu, usilishe ndege wa nje penye kuku, maana mafua ya ndege hayajali ukuta. Ukikuta ndege amekufa usimshike kwa mkono mtupu, na wakifa kadhaa mwite daktari wa mifugo.

Na hili liandike mahali: ndege mgonjwa naye hakukimbii. Amejivimbisha manyoya, macho nusu, unamsogelea hadi unamgusa. Usifurahi kwamba hatimaye amekuzoea. Siku hiyo ondoa vyombo vyote, viache mbali wiki mbili au zaidi, wale waliobaki wazima watawanyike.

La kuacha kujitafutia, jirani amekosea. Chakula cha kibarazani ni nyongeza tu. Shomoro hao hao, wakiwa na makinda, wanawalisha wadudu, na wadudu huna wewe. Mpelekee jirani salamu zangu pamoja na ufagio, maana nahisi malalamiko yenyewe ni kinyesi kwenye ngazi.

SWALI: Bibi, mwalimu wetu alisema hakuna ndege wa porini anayeshirikiana na mtu mpaka afugwe. Ni kweli? – Mwanafunzi, darasa la sita

JIBU: Mwambie mwalimu wako, kwa adabu na baada ya kipindi, habari za mlembe. Ndege huyu ana rangi ya vumbi na hula nta ya nyuki, lakini mzinga wenye nyuki wakali hawezi kuufungua. Mtu anaweza, kwa moto na shoka, ila hajui ulipo. Basi mlembe huja kumlilia mtu, akaruka mti hadi mti akimwongoza, mtu akachukua asali naye akaachiwa masega.

Kaskazini mwa Msumbiji, katika hifadhi ya Niassa, Wayao humwita kwa sauti maalumu: mtetemo wa ulimi, brrr, kisha mguno, hm. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba ukitembea ukiita hivyo, nafasi ya kuongozwa na mlembe hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66 ukilinganisha na sauti nyingine, na nafasi ya kuonyeshwa mzinga hupanda kutoka 16 hadi 54. Wahadzabe wa Tanzania wao humwita kwa mluzi. Mwaka 2023 ikaonekana kwamba mlembe wa kila upande huitikia zaidi wito wa watu wa kwao. Hakuna aliyemfuga. Hata wazazi hawakumfundisha, kwa sababu mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wengine na hulelewa na wasio ndugu zake.

Kama ni upendo, sidhani. Mlembe anaijua nta, na anamjua mtu anayeita vilevile kila siku. Unaona sasa kwa nini nilimwambia yule wa ghorofa ya pili habari za tin-tin.

SWALI: Bibi, kuna ndege mdogo kila asubuhi anakuja dirishani kwangu anagonga kioo kwa mdomo, ananitazama, anagonga tena. Sijawahi hata kumpa chakula. Nadhani amenichagua. Nimfungulie? – Mwenye bahati

JIBU: Mwanangu, kukukata moyo sipendi, lakini hakuoni wewe. Kioo kikiwa na mwanga nje na giza ndani huwa kama cha kujitazamia. Anaona ndege mwingine, wa umri wake na hasira zake, amekaa katikati ya himaya yake na haondoki hata akigongwa. Ni ya msimu wa kuzaliana, mara nyingi ni dume, na anaweza kuendelea wiki nyingi hadi akajichosha kabisa wakati angekuwa analisha makinda.

Usimfungulie. Akiingia ndani atapigana na kioo cha kabati, kisha cha bafuni. Funika ile sehemu anayogonga, kwa gazeti au kitambaa au hata sabuni iliyopakwa ikakauka, na ifunike kwa nje, kwa sababu pazia la ndani huzidi kukifanya kioo kiakisi. Siku chache atasahau. Wewe ukitaka achague kukujia kwa kweli, rudi juu usome barua ya kwanza, na uanze na kiti.